Nafasi ya Nyanjige Mayige

Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Mwandabila,
S.L.P. 40,
Bariadi.
9 Februari 1998

Ndugu Nyanjige Mayige,
Zahanati, Dutwa.

YAH: KUONDOLEWA DARASANI

Fomu yako ya mtihani wa maarifa, ule wanaoanza nao watu ambao hawakupita sekondari, imerudishwa kutoka Dar es Salaam. Wameandika kwamba Nyanjige Mayige, aliyemaliza darasa la saba Zagayu mwaka 1985, alikwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1989 na akafaulu daraja la tatu.

Nilimwonyesha barua hiyo karani wetu mpya, Bi Scola. Anasema alisoma chuo cha ualimu pamoja na Nyanjige Mayige wa Zagayu, na kwamba mwenzake huyo anafundisha shule ya msingi mjini Shinyanga. Bi Scola amekuangalia mara mbili ukiwa darasani. Wewe siye. Ninachoelewa ni kwamba umechukua cheti cha darasa la saba cha mwalimu huyo na kukifanya chako. Cheti chenyewe hakina picha, kama vilivyo vingi vya vijijini vya miaka ile.

Tangu ruzuku ya serikali ipungue, chuo hiki kimebaki na walimu wanne. Darasa la sekondari ya watu wazima lina viti arobaini. Walioomba walikuwa mia moja na kumi na sita, wote darasa la saba. Sina kiti cha kumpa mtu anayejificha nyuma ya jina la mwingine. Ukiwa na maelezo, yalete kwa maandishi kabla ya tarehe 31 Machi, siku ya mwisho ya kupokea fomu.

Selestini Marcelo
Mkuu wa Chuo


Dutwa,
16 Februari 1998

Mwalimu,

Sikusalimii kwa sababu sijui nikuite nani. Mimi ndiye Nyanjige ng'wana Mayige, wa Zagayu. Jina hilo ni la mama yake baba yangu. Nasikia wewe huitika ukiitwa kwa jina hilo.

Nimeolewa Dutwa kwa Josia, nina watoto wanne. Mwaka wa sita huu nafagia zahanati na kupima watoto uzito. Tumetangaziwa kwamba mhudumu asiye na kidato cha nne atapunguzwa mwakani. Sikuwa na mahali pa kukitafuta kidato cha nne katika umri wangu, mpaka Mwandabila walipofungua darasa la watu wa darasa la saba. Nimesoma miezi mitano. Naenda kwa baiskeli na kurudi kwa baiskeli, na mvua hizi za El Nino nimevuka mto nikiwa nimeibeba kichwani.

Wiki iliyopita nimetolewa mbele ya wenzangu kwa kosa la kuiba jina. Mkuu wa chuo alisema, "Mama mzima, huoni hata aibu, jina la mwalimu wa watu!" Fundi baiskeli anayekaa nyuma yangu akaniuliza, "Mayu, na mume naye ulimwazima wapi?" Darasa zima likacheka.

Nataka mambo mawili. Uniambie ulilipataje jina langu, na uniambie utalirudisha lini. Barua umpe kondakta wa basi la Bariadi, posta imekwama kwa sababu ya madaraja.

Nyanjige Mayige


Shinyanga,
2 Machi 1998

Bibi wa Dutwa,

Nakurudishia barua yako. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nimezungushia "ng'wana" na "mayu", yaani "binti" na "mama", kwa sababu Kisukuma cha nyumbani hakiandikwi katika barua. Nimekupa nne kwa kumi. Anayetaka kidato cha nne aanze na hayo.

Sasa jibu lako. Hakuna mtu aliyeiba. Mwaka 1984 nilifeli darasa la saba hapa mjini, na kurudia darasa kulikatazwa. Unajua vizuri ilivyokuwa ikifanyika. Mwalimu mkuu anatafuta jina la mtoto aliyeacha shule, anayetaka kurudia anakaa kwenye nafasi yake na kufanya mtihani kwa jina hilo. Nusu ya walimu wa mkoa huu wana majina ya watu. Mjomba wangu Thomasi ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wenu. Alinipa jina lako kwa sababu ulikuwa umekwenda kuolewa na nafasi imebaki wazi. Nilikaa, nikafanya mtihani, nikafaulu kwa akili yangu mwenyewe.

Jina hilo nimelisomesha. Lina kidato cha nne, lina cheti cha ualimu, lina miaka saba kazini. Lingebaki kwako lingeandikwa kwenye kadi za kliniki, basi.

Nakupa ushauri wa bure. Nenda kwa hakimu Bariadi, ule kiapo, uchukue jina la mumeo. Utajaza fomu nyingine na hakuna atakayekuuliza. Wewe jina hulihitaji kwa mshahara, mimi nalihitaji.

Usiniandikie tena kupitia kondakta. Barua yako ilifika shuleni wakati wa paredi, na mwalimu mwenzangu alitaka kuifungua.

Mwl. N. Mayige


Dutwa,
7 Machi 1998

Mwalimu,

Masahihisho yako nimeyapokea. Na mimi nina la kukusahihisha, moja tu.

Sikuacha shule. Mtihani niliufanya. Ulikuwa wa siku mbili, mwezi wa tisa. Wasimamizi walitoka shule nyingine, mmoja alikuwa na mguu uliofungwa plasta na aliweka gongo lake juu ya meza. Tulikuwa watahiniwa thelathini na mmoja, wasichana tisa. Nilikaa dawati la tatu, Milembe mbele yangu, Kija nyuma yangu. Namba yangu ilikuwa 27, waliiandika kwa chaki juu ya dawati. Wewe hukuwepo. Msichana wa mjini asingekaa Zagayu siku mbili bila sisi kumkagua mpaka soli za viatu.

Niliolewa mwezi wa kumi na mbili, mtihani umekwisha. Majina ya waliochaguliwa yalipotoka mwezi wa kwanza, mimi nilikuwa hapa Dutwa napalilia pamba ya mama mkwe. Baba alikuja kwa baiskeli. Hakukaa hata kwenye kigoda. Alisema, "Umefeli, ng'wanangu. Kichwa chako si cha vitabu." Nikamwambia asante kwa kuniletea habari, nikaendelea kupalilia.

Nimekaa na neno hilo miaka kumi na miwili. Nilipoingia darasa la Mwandabila, mwalimu wa Hesabu aliuliza nani aje ubaoni. Jibu nilikuwa nalo. Sikunyanyua mkono wiki tatu, nikijua mimi ni mtu aliyefeli.

Basi nijibu hili. Kama mtihani niliufanya mimi, na wewe hukuufanya, aliyefaulu ni nani?

Nimeandika "ng'wanangu" kwa sababu ndivyo alivyosema. Zungushia ukitaka.

Nyanjige Mayige


Shinyanga,
14 Machi 1998

Bibi,

Nilikupa uwongo ambao ungeweza kuishi nao. Umeukataa, basi chukua hii.

Uliyefaulu ni wewe. Karatasi ya kuchaguliwa ilifika kwa mjomba Thomasi, na msichana wa Zagayu aliyechaguliwa mwaka ule alikuwa mmoja. Mjomba aliipeleka kwa baba yako kwa mkono wake. Baba yako alikuwa anakamua. Alisema, "Ng'ombe wa Josia wamekwisha zoea zizi langu. Nikimrudisha binti, na wao niwarudishe?" Mjomba akamuuliza, sasa nafasi hii niipeleke wapi. Akasema, "Mpe unayemtaka, mwalimu." Akaendelea kukamua. Aliyemtaka mjomba ni mimi.

Sikuomba. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alinifundisha jina lako njiani, kwenye lori la marobota ya pamba: jina la baba, la babu, la mtendaji wa kata, mpaka la mwalimu wako wa darasa la kwanza. Nikikosea ananifinya. Jina langu nililozaliwa nalo, Klementina Joakim, niliambiwa nisilitamke hata nikiugua.

Usifikiri nilibebwa. Ulichoniachia ni mlango. Miaka minne ndani ya mlango huo nimeisoma mimi, kwa tumbo langu la njaa na kwa taa yangu ya kibatari. Daraja la tatu ni langu. Hukusoma hata ukurasa mmoja kati ya zile nilizosoma.

Nasikia mzee Mayige alikufa. Basi ugomvi wako upo kaburini, kaugombee huko. Mume wangu, Novatus, hajui. Watoto wangu wawili wameandikishwa shule kwa jina hilo la mama. Ukisogea karibu nao, nitawaambia polisi kuna mwanamke wa Dutwa amechanganyikiwa anaandika barua kwa watu asiowajua. Watamwamini nani, mwalimu au mfagiaji?

Mwl. N. Mayige


Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Mwandabila,
19 Machi 1998

Ndugu,

Nimesoma barua mbili ulizoleta juzi na kuziita ushahidi. Zina maneno mazito. Zina pia kasoro ambayo ningeomba uione mwenyewe: zimesainiwa N. Mayige, nawe unasaini Mayige. Mwandiko hauna uso. Anayeweza kutumia cheti cha mtu anaweza pia kujiandikia barua, hasa mtu aliyekaa miezi mitano katika darasa letu la Kiswahili.

Ulisema mbele ya Bi Scola kwamba mimi ni mlinda mlango aliyesahau mlango ni wa nani. Nimelisikia. Mimi ninalinda viti arobaini. Ningekuwa na mia moja na kumi na sita tusingekuwa na barua hizi.

Ushauri unaotolewa na huyo anayejiita mwalimu, yaani kula kiapo na kubadili jina, ni wa busara. Ungekula kiapo wiki hii ningepokea fomu yako.

Nikiona kitu chenye uso, nitatazama upya. Zimebaki siku kumi na mbili.

Selestini Marcelo
Mkuu wa Chuo


Dutwa,
20 Machi 1998

Klementina,

Nakuita hivyo, hapa hakuna wa kukufinya.

Kila mtu ananishauri nibadili jina. Wewe umenishauri, mkuu wa chuo amenishauri. Jana Josia naye kaniambia, "Si ule tu hicho kiapo, mwanamke, jina linaliwa?" Nikamuuliza kama yeye angekubali kuitwa Mayige. Akachukua jembe akatoka.

Sasa sikiliza. Kama ni lazima mmoja wetu avue, kuna jina moja limekaa bila mtu tangu 1986. Wewe hulitumii. Nipe cheti cha darasa la saba cha Klementina Joakim, kile ulichopata mjini, chenye picha. Nakijua kina picha, shule za mjini mlipigwa picha sisi tukiangalia kwenye magazeti. Nataka kukipeleka Mwandabila kabla ya tarehe 31.

Ukikataa, Jumatatu tarehe 30 nitapanda basi la asubuhi. Nitasimama kwenye paredi yenu, pale mwalimu mkuu anapotangaza matangazo, na nitaomba kutangaza na mimi. Sitapiga kelele. Nitasema jina langu na la baba, la babu, na la mtendaji wa kata. Kisha nitakuomba wewe ufanye hivyohivyo kwa majina yako ya kuzaliwa.

Mpe kondakta, bahasha iliyofungwa kwa gundi.

Nyanjige Mayige


Shinyanga,
25 Machi 1998

Bibi,

Bahasha hii ina kile ulichotaka. Nilikitoa kwa mama yangu kwa uwongo ambao sitauandika hapa.

Kwa hiyo mwishowe umekuwa kama sisi. Umenihubiria jina la bibi yako barua tatu nzima, na sasa unaomba la mtu mwingine uingie nalo darasani. Nimecheka peke yangu ofisini. Hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo, kwamba mtu akibanwa, jina ni nguo.

Picha haitakusumbua. Wasichana wote tulinyolewa vipara mwaka ule, hata mama yangu hawezi kuapa kuwa ni mimi. Kovu lililo juu ya jicho la kushoto, sema lilifutika. Tarehe ya kuzaliwa ni 3 Juni 1971, uikariri. Baba, Joakim, alikuwa karani wa reli. Usiseme umezaliwa Zagayu. Na tafadhali jifunze kutamka jina lenyewe, watu wa huko mnalikatakata.

Tumemalizana. Wewe uwe Klementina huko kwenu porini, mimi niendelee na niliyonayo. Choma barua zangu.

Mwl. N. Mayige


Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Mwandabila,
2 Aprili 1998

Ndugu Nyanjige Mayige,

YAH: KUREJESHWA DARASANI

Tarehe 30 Machi ulileta ofisini cheti cha darasa la saba kilichotolewa na shule moja ya mjini Shinyanga mwaka 1984. Nilidhani umekuja kujiandikisha kwa cheti hicho, nikakulaumu kabla hujakaa. Ulisema, "Mwite Scola kwanza."

Nimeandika yaliyofuata kwenye faili, nayarudia hapa ili yawe na nakala. Ulifunika sehemu ya chini ya cheti kwa kiganja na kumwonyesha Bi Scola picha peke yake. Alisema mara moja, "Huyu Nyanjige wangu! Kovu hilo aliniambia alianguka kwenye reli. Umeipata wapi picha yake?" Ndipo ukaondoa kiganja, akasoma jina lililokuwa chini ya picha. Aliomba ruhusa akatoka nje.

Siku iliyofuata nilipeleka fomu yako Bariadi, zinakokusanywa fomu, pamoja na maelezo na nakala za barua zote. Imepokelewa tarehe 31 Machi saa tisa na nusu alasiri. Utafanya mtihani wa maarifa kwa jina lako.

Nimelazimika pia kumwandikia afisa elimu. Ulinitazama nilipokuwa nikisema hivyo, wala hukusema nisifanye.

Chuo hakina utaratibu wa kuomba radhi kwa maandishi. Mwalimu wa Hesabu ameelekezwa akupe mazoezi uliyokosa.

Selestini Marcelo
Mkuu wa Chuo


Shinyanga,
20 Aprili 1998

Nyanjige,

Nimesimamishwa kazi tangu Jumatano. Walikuja watu wawili wa elimu na bahasha, wakaniita katikati ya kipindi cha Jiografia. Waliniuliza jina langu mbele ya darasa la sita. Watoto wakaanza kunisaidia: "Mwalimu Nyanjige! Mwalimu Nyanjige!" Walidhani nimesahau.

Umenidanganya. Uliniambia unataka jina langu. Nilikupa kitu ambacho mama yangu alikificha ndani ya mto wa kulalia miaka kumi na miwili, na wewe ukaenda kukifunika kwa kiganja kama mcheza karata.

Novatus ameuliza swali moja tu: "Padri alimfungisha nani ndoa?" Mtoto wangu mkubwa, Violeth, ameniuliza kama na lake ni la mtu.

Wanasema vyeti vyangu vyote havina mwenyewe. Sekondari, ualimu, miaka saba ya kazi. Wewe huwezi kuvitumia kwa sababu hukusoma, mimi siwezi kwa sababu si jina langu. Umefurahi? Umeharibu kitu ambacho hata wewe hutakipata. Ningekuwa na roho yako ningekuacha pale paredi upige kelele zako.

Nina miaka ishirini na sita na kwenye karatasi mimi ni msichana aliyefeli darasa la saba. Niambie niende wapi, wewe uliye na akili ya kufaulu.

Klementina Joakim


Dutwa,
27 Aprili 1998

Klementina,

Sikukudanganya. Niliandika kwamba nataka kukipeleka Mwandabila, na nilikipeleka. Hukuuliza nitakifanyia nini kwa sababu ulikuwa umekwisha amua mimi ni mtu wa namna gani.

Namba yangu ya mtihani imekuja. Imeandikwa majina yangu yote mawili. Nimemwonyesha Josia, akasema sawa.

Bi Scola hajanisalimia tangu siku ile. Naelewa, alikupenda. Ananipa chaki na madaftari kama mtu anayempa mgonjwa dawa, bila kunitazama. Fundi baiskeli ameacha masomo, amepata kazi kwa mnunuzi mmoja wa pamba hapa Dutwa. Kiti cha nyuma yangu ni kitupu.

Uliandika ukurasa mzima kuniuliza uende wapi. Ndani ya bahasha kuna fomu ya darasa la Julai. Nimeichukua kwa Selestini mwenyewe. Aliuliza, "Ya nani hii?" Nikamwambia. Akasema sheria haimzuii, mwombaji awe tu na darasa la saba, na cheti chake hakuna haja ya kukileta kwa sababu kipo kwenye faili. Mtihani wa maarifa unaweza kuufanya mwakani. Wewe hiyo Jiografia unaifundisha, hutapata shida. Shida utaipata kwenye kuitika likiitwa jina.

Masomo ni Jumatatu mpaka Alhamisi kuanzia saa tisa. Kutoka Bariadi kuna gari la mizigo linalochukua watu mpaka njia panda, hapo unatembea. Ukija usitarajie nikuchangamkie. Kwenye fomu hakuna mahali panapouliza kama nimekusamehe, na sijakusamehe. Siku ya mwisho ni tarehe 15 Mei.

Nyanjige Mayige